MOBUTU, MARAFIKI ZAKE WA INJE, NA PESA ZA ASKARI

(Masemi yaliyotolewa siku ya posho, kiisha saa za kazi, mbele ya wafanya kazi wa migodi na wakaaji wa muji, Lubumbashi)



Mumeniomba niseme juu ya neno moja ambalo limeleta mabishano mengi katika kampi na katika nyumba za pombe. Watu wanauliza hivi: wakati wa Mobutu, inchi yetu iliheshimiwa inje ao hapana? Na pesa iliyotoka katika shaba yetu ikaenda kwa askari, ilitulinda ao ilipotea? Kuna wazee wanaosema: "Siku zile hakuna jirani aliyesubutu kutugusa." Kuna wengine wanaokata neno mara moja: "Alikuwa mwivi, basi." Mimi sikuja kumutukana mutu aliyekufa, wala sikuja kumuimbia nyimbo. Tulimuimbia za kutosha, kila asubuhi mbele ya bendera, tumbo likiwa tupu. Nimekuja na tarehe na mambo yaliyoonekana, kusudi kila mumoja apime mwenyewe.

Tuanze kwa haki. Alipokamata utawala tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka wa 1965, inchi ilikuwa imechoka sana. Katika miaka mitano tulikuwa tumeona Katanga kujitenga, Lumumba kuuawa hapa kwetu mwezi wa kwanza 1961, askari wa Umoja wa Mataifa kupigana katika barabara za Elisabethville, kiisha vita ya Mulele kule Kwilu na vita ya Simba upande wa mashariki. Watu walitaka mutu wa kusema "sasa basi." Mobutu alisema, na wengi walifurahi, hata wale ambao leo hawataki kukubali ya kuwa walifurahi.

Mwaka wa 1967 askari wa kulipwa waliasi. Schramme akakamata Bukavu. Mwezi wa 11 Denard akaingia Katanga kutoka Angola na watu wake juu ya kinga. Ndiyo, vijana, munacheka, lakini walikuja kwa kinga, wakikanyaga kwa miguu, kuja kuangusha serikali. Walishindwa wote wawili. Mwezi wa 9 wa mwaka ule ule wakubwa wa inchi za Afrika walikutana Kinshasa. Mwanzo wa 1967 Serikali ikakamata mali ya Union Minière, kampani ambayo wababa zetu waliiita jina moja na Serikali yenyewe, kwa maana hawakuona tofauti. Pesa mupya ilitoka, zaire moja kwa dollar mbili za Marekani. Mufanya kazi aliyeshika zaire mukononi mwaka ule alijua ya kuwa ameshika kitu.

Na inje? Mwaka wa 1970 alipokelewa na Nixon kule Washington. Mwezi wa kwanza 1973 alikwenda China akakutana na Mao. Tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka ule alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akatangaza kukata urafiki na Israel, yeye aliyefundishwa kuruka kwa muavuli katika inchi ile ile mwaka wa 1963. Waarabu wakapiga makofi. Alikula na Marekani, akanywa na China, na hakuna aliyemufukuza mezani. Mwaka wa 1974 Ali na Foreman wakapigana ngumi Kinshasa, na hata mutoto wa Chicago akajua jina la Zaire. Mutu akiniambia ya kuwa Mobutu alijua kuongea na wakubwa wa dunia, simubishi.

Lakini sisi si watu wa Kinshasa. Tuko hapa, kwenye shimo na kwenye tanuru. Basi tuache Nixon na Mao, tuje kwa gari la moshi.

Wazee munakumbuka njia ya Benguela. Kutoka hapa kwa Tenke, kwa Kolwezi, kwa Dilolo, kiisha kuvuka Angola hata bandari ya Lobito. Tangu 1931 ndiyo ilikuwa njia fupi ya shaba yetu kwenda baharini. Mwezi wa 8 mwaka wa 1975 ilifungwa. Namna gani ilifungwa? Wareno walikuwa wanaondoka Angola, na vyama vitatu vilipigana juu ya urizi: MPLA ya Agostinho Neto, FNLA ya Holden Roberto, UNITA ya Savimbi. Mobutu alikuwa amechagua Holden Roberto tangu zamani. Hakuishia kumupa nyumba na redio. Alivusha askari wa Zaire kwenda kupigana pamoja naye. Tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka wa 1975, pale Quifangondo, karibu na Luanda, walikutana na MPLA na Wakuba. Siku ile moja ilitosha. Waliorudi walirudi mbio, na wakaaji wa vijiji walimopita hawakuwasahau upesi.

Ndugu zangu, fikirini maana yake. Prezida wetu alichagua mutu mumoja katika nyumba ya jirani, akamupigania, mutu yule akashindwa. Aliyeshinda ndiye aliyebaki na bandari na njia ya shaba yetu. Sisemi ya kuwa Mobutu peke yake alivunja reli. Waangola walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mabomu ya UNITA yaliharibu madaraja kwa miaka mingi. Lakini mutu mwenye muzigo wa kupitisha kwa jirani hangojei kuulizwa kama ni vizuri kuingia katika ugomvi wa nyumba ile.

Kiisha pale shaba ilianza safari mupya. Ilikwenda kwa gari la moshi hata Ilebo, ikashushwa, ikapakiwa katika mashua za mutoni, ikafika Kinshasa, ikashushwa tena, ikapakiwa tena katika gari la moshi la Matadi, na kule ndipo ikaona meli. Nyingine ilipita kusini kwa Zambia hata bandari za Afrika ya Kusini, inchi ambayo redio yetu ilikuwa inailaani kila jioni juu ya kutesa watu weusi. Ninyi muliofanya kazi ya kupakia munajua: kila kushusha ni mushahara wa watu, ni siku zinazopotea, na ni vipande vinavyopotea pamoja nazo. Na haya yalikuja wakati mubaya. Bei ya shaba katika soko la London ilikuwa imepanda sana mwanzo wa 1974; kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imeanguka zaidi ya nusu. Gécamines ndiyo ilikuwa inaleta zaidi ya nusu ya pesa za kigeni za inchi. Yaani bei ilianguka, njia ikafungwa, na nyumba moja ilikuwa inalisha inchi yote.

Sasa tuje kwa askari.

Tarehe 8 mwezi wa 3 mwaka wa 1977 watu wa FNLC walivuka mupaka kutoka Angola. Munawajua. Ni gendarmes wa zamani wa Tshombe na watoto wao, waliokimbia vita ilipoisha 1963 na tena 1967, wakatumikia Wareno, kiisha wakatumikia MPLA. Nathaniel Mbumba aliwaongoza. Dilolo ikaanguka, Kisenge, Kasaji, na kabla ya mwezi kuisha Mutshatsha. Jeshi la Zaire lilikuwa na ndege za Mirage zilizonunuliwa Ufaransa, Macchi za Italia, Hercules za Marekani, vifaru vya China. Pesa za vitu hivi zilitoka wapi? Hazikutoka katika mihogo ya Bandundu. Zilitoka katika shaba na kobalti, na katika mikopo iliyochukuliwa kwa jina la shaba na kobalti. Na siku vita ilipokuja katika inchi ya shaba yenyewe, askari wetu walirudi nyuma kituo kwa kituo, kufuata reli. Mwezi wa 4 ikalazimu kumuita mufalme wa Maroko. Hassan wa Pili akatuma watu kama 1,500, katika ndege za Ufaransa, ndipo wale wengine wakarudishwa Angola hata mwisho wa mwezi wa 5.

Kwa nini Neto aliwaacha wapite? Kwa sababu Mobutu aliwaacha wengine wapite upande wake. Ukifungua mulango wa nyuma kwa adui wa jirani, naye anao mulango wa nyuma. Hili halihitaji masomo ya Bulaya.

Mutu angefikiri ya kuwa kiisha onyo lile Serikali ingetengeneza jeshi. Ilifanya nini? Mwezi wa 8 ikamukamata Nguza Karl-i-Bond, ministri wa mambo ya inje, mutoto wa huku kwetu, ikamuhukumu kufa mwezi wa 9 kwa neno la kuwa alijua vita ilikuja. Kiisha akasamehewa, akarudishwa ministri, akafanywa ministri wa kwanza, akakimbilia Bulaya mwaka wa 1981, akaenda kumushitaki mukubwa wake mbele ya wabunge wa Marekani, na baadaye akarudi tena kumutumikia. Wageni walioandika mapatano na Zaire walitazama mambo haya. Sijui walimupa Nguza imani ya namna gani siku ya kusaini, lakini wewe ungekopesha nyumba ambayo mulinzi wake anahukumiwa kufa mwaka huu na mwaka ujao anapewa funguo? Mwezi wa 3 mwaka wa 1978 ofisa kadhaa wa jeshi walipigwa risasi kwa neno la uasi. Walimu wengi wa jeshi walipotea hivi, wakati mupaka ulikuwa wazi.

Miezi miwili tu. Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka wa 1978, asubuhi, Kolwezi ikakamatwa.

Sitakaa sana pale, kwa sababu katika chumba hiki kuna mama waliopoteza watu. Waliokufa ni mamia: wazungu zaidi ya mia, na weusi wengi zaidi yao, ijapokuwa magazeti ya Bulaya yalihesabu kwanza wazungu. Tarehe 19 askari wa Légion ya Ufaransa waliruka kwa miavuli juu ya muji. Kesho yake wakafika Wabelgiji. Ndege za Marekani zilibeba vitu. Kiisha wakaja tena Wamaroko, na watu wa Senegal, Togo, Gabon na wengine, wakakaa hata 1979. Mugeni siku mbili, wazee wetu walisema, siku ya tatu mupe jembe. Hawa tuliwapa nyumba za kampi na tukawapikia.

Hesabu ya siku zile iliendelea kulipwa kwa miaka. Mafundi wa kigeni waliokimbia Kolwezi, wengi hawakurudi. Maji yaliingia katika mashimo. Bei ya kobalti ilipanda mara nyingi katika soko la dunia, kwa sababu wanunuzi waliogopa ya kuwa chemchemi yao kubwa itakauka, na kwa muda kidogo bei ile iliwafurahisha wakubwa wa Kinshasa. Lakini wanunuzi wale wale walianza kutafuta namna ya kufanya vitu bila kobalti yetu. Vita hii haikuandikwa katika bajeti ya ulinzi, na sisi ndio tuliilipa.

Na sasa sikilizeni neno ambalo wasifu wa Mobutu wangepaswa kulisema, lakini silisikii midomoni mwao. Mwaka ule ule wa 1978 Mobutu na Neto walipatana. Mwezi wa 8 Neto mwenyewe alifika Kinshasa. Walikubali kila mumoja kuzuia watu wa mwenzake. Na hapakuwa na vita ya tatu ya Shaba kutoka Angola. Mapatano yale hayakununua hata ndege moja. Kama munataka kumusifu Mobutu juu ya mambo ya inje, musifuni kwa safari ile ya Neto kuliko kwa picha alizopiga na Mao.

Alipatana, lakini hakukaa katika mapatano. Katika miaka ya 1980 aliwaacha Wamarekani watumie uwanja wa Kamina kwa kupeleka silaha kwa Savimbi. Munaijua Kamina, Wabelgiji waliijenga kubwa kuliko muji wenyewe. Silaha zilizopita Kamina zilikwenda kwa watu wale wale waliokuwa wanalipua reli ya Benguela. Tazameni muzunguko huu: shaba yetu inakosa njia, uwanja wetu unalisha wanaoziba njia, na kwa malipo Mobutu anaitwa rafiki mwaminifu kule Washington. Reagan alimupokea na kumusifu. Mufanya kazi wa Likasi hakupokelewa mahali.

Nataka kusema kidogo juu ya neno jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka wa 1976 Mobutu aliandika mapatano na kampani moja ya Ujerumani, OTRAG, iliyotaka kutengeneza roketi za kurusha vyombo juu mbinguni. Aliipa inchi, katika kaskazini ya mukoa wetu, upande wa mutoni Luvua, ukubwa wake kilometa za mraba kama 100,000, hata mwaka wa 2000. Ubelgiji wote unaingia mule mara tatu na nafasi inabaki. Watu wa kule hawakuulizwa. Roketi ya kwanza iliruka mwezi wa 5 mwaka wa 1977, wakati vita ya kwanza ya Shaba haijaisha vizuri. Ya tatu, mwezi wa 6 mwaka wa 1978, Mobutu akiwa amekuja kutazama, ilianguka mbele ya macho yake. Majirani na Warusi walipiga kelele ya kuwa Wajerumani wanatengeneza silaha kwetu, na mwaka wa 1979 kampani ikafukuzwa. Inchi kubwa ilitolewa, majirani wote wakakasirika, na hakukuwa na bunduki moja ya zaidi katika mikono ya askari wetu. Mimi nikisikia "heshima ya inje" nafikiri kwanza Luvua.

Turudi kwa jeshi, kwani swali bado: pesa zilikwenda, mbona nguvu haikuja? Watu wanasema wakubwa waliiba. Ni kweli, mushahara wa askari ulipitia mikono mingi na kila mukono uliacha mafuta yake, na katika orodha mulikuwa majina ya watu wasiozaliwa. Lakini wizi peke yake hauelezi. Elezo kubwa ni hili: Mobutu alikuwa askari aliyekamata utawala kwa jeshi, basi aliogopa jeshi kuliko alivyoogopa adui wa inje. Jeshi moja lenye nguvu lingeweza kumufanyia yeye vile yeye alivyomufanyia Kasavubu. Ndiyo maana aligawanya. Divisheni Kamanyola ilifundishwa na watu wa Korea ya Kaskazini. Brigadi ya miavuli ya 31 ilifundishwa na Wafaransa, ya 21 na Wabelgiji, wengine na Wachina. Na ile Divisheni ya Prezida mwenyewe, DSP, ilifundishwa na Waisrael, ambao alirudisha urafiki nao mwaka wa 1982. Kila mwalimu na bunduki zake, kila bunduki na risasi zake. DSP, waliochaguliwa zaidi katika watu wa kwao Équateur, walilipwa. Wengine waliambiwa wajitafutie. Tena urafiki na mataifa mengi namna hii ulionekana kama ujuzi. Katika mambo ya askari ulikuwa dawa ya kuzuia jeshi lisiwe moja.

Inje, jeshi hili lilitumwa kumufanyia jina. Mwaka wa 1983 lilitumwa Chad kumusaidia Habré, kwa kuwapendeza Wafaransa na Wamarekani. Mwaka wa 1990 mwezi wa 10 DSP ilitumwa Rwanda kumusaidia Habyarimana, ikapora, ikarudishwa. Waliompiga vita Habyarimana wakati ule ndio waliokuja baadaye kubisha mulango wetu. Hawakusahau.

Na mikopo? Mwaka wa 1978 wenye deni walimuweka Mujerumani mumoja, Erwin Blumenthal, ndani ya Banki Kuu ya Kinshasa, alinde sanduku. Hakumaliza hata miaka miwili. Mwaka wa 1982 ripoti yake ilijulikana: alisema wazi ya kuwa wenye kukopesha hawana tumaini la kulipwa, maana Prezida na watu wake hawatofautishi mufuko wao na wa inchi. Mungefikiri mikopo ilikwisha pale. Hapana, iliendelea, kwa sababu waliotoa pesa hawakutafuta faida ya pesa. Walitaka Kamina, walitaka kura katika Umoja wa Mataifa, walitaka mutu wa kuzuia Warusi. Deni likapita dollar bilioni 10, na ni watoto wetu walioachiwa karatasi.

Mwezi wa 11 mwaka wa 1989 ukuta wa Berlin ukaanguka, na ile bei ya Mobutu kwa wanunuzi wake ikaanguka kama bei ya shaba ya 1974. Usiku wa tarehe 11 mwezi wa 5 mwaka wa 1990 vijana wa Universite, hapa Lubumbashi, walishambuliwa na kuuawa usiku. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hata leo. Ubelgiji ukataka uchunguzi wa mataifa, Mobutu akakataa, musaada ukasimamishwa, naye akawafukuza Wabelgiji wa kazi ya musaada. Miaka kumi mbele angesamehewa katika juma moja. Mwezi wa 9 mwaka ule ule paa la mugodi wa Kamoto likaporomoka. Gécamines, iliyotoa tani za shaba kama 470,000 mwaka wa 1986, mwaka wa 1994 ilitoa kama 30,000. Munajua ninyi wenyewe mishahara ilikuwa namna gani, na mufuko wa unga ulivyopungua hata ukawa habari ya zamani.

Mwezi wa 9 mwaka wa 1991 askari wasiolipwa walianza kupora Kinshasa, na ni wale wa brigadi ya 31, wanafunzi wa Wafaransa, walioanza. Mwezi wa 10 ikafika hapa. Mwaka wa 1993 mwezi wa kwanza walilipwa kwa noti mupya za zaire milioni tano, wenye maduka wakazikataa, wakapora tena. Balozi wa Ufaransa Kinshasa akauawa kwa risasi. Mwaka ule zaire za zamani milioni tatu zikabadilishwa kwa zaire mupya moja. Kumbukeni ile ya 1967 yenye dollar mbili.

Basi 1996 vita ikatoka mashariki, na Rwanda, Uganda, kiisha Angola nyuma yake. Mobutu akawaita tena wazungu wa kulipwa, Waserbia, kwenda Kisangani. Hawakuzuia kitu. Mwezi wa 4 mwaka wa 1997 Lubumbashi ilikamatwa, na kati ya waliokuja mulikuwa wale wale Tigres wa Angola, wazee sasa, wengine na watoto wao, walioletwa kwa ndege. Waliokimbia jeshi la Mobutu 1967 waliliona likiwakimbia wao. Mobutu aliondoka Kinshasa tarehe 16 mwezi wa 5, na tarehe 7 mwezi wa 9 akafa Rabat, katika inchi ya yule mufalme aliyemuokoa 1977.

Najua jibu linalongoja. Mutu atasema: "Hata hivyo, miaka thelathini na miwili inchi haikukatwa. Leo je?" Ni jibu la nguvu, nalo halistahili kuchekwa. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2025 Goma ilianguka, mwezi wa pili Bukavu. Pale Goma wazungu wa kulipwa kutoka Romania, zaidi ya 200, walipita mupaka wa Rwanda mikono juu. Lakini mutu anayesema hivi atazame vizuri: miaka mitatu mbele, mwaka wa 2022, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuongeza pesa za jeshi. Wazungu wa kulipwa 1967, 1997, 2025. Askari wetu bila mushahara. Wakubwa wakisafiri kutafuta rafiki wa mbali wa kumutisha jirani wa karibu. Sioni ya kuwa ugonjwa wa leo ni kukosa Mobutu. Naona ni dawa yake ile ile tunayoendelea kunywa. Inchi haikukatwa kwa sababu Ufaransa, Maroko na Marekani walitaka isikatwe wakati ule, na siku walipoacha kutaka, jeshi lililolipiwa miaka thelathini halikukaa miezi nane.

Na reli? Mwezi wa 12 mwaka wa 2024 Prezida wa Marekani, Biden, alifika Angola kwa ajili ya njia ile ile ya Lobito. Wanataka tena shaba na kobalti ipite kule. Mimi nafurahi, ni njia fupi. Lakini 1975 hatukuulizwa ilipofungwa, na sasa inapofunguliwa sioni mutu wa migodi katika chumba wanamoandika mapatano. Naomba wabunge wetu wa Katanga, watakaporudi hapa kutafuta kura, waje na karatasi mbili: ile ya mapatano ya Lobito, na ile ya pesa za ulinzi, ionyeshe ngapi zimefika mukononi mwa askari aliye mbele ya adui na ngapi zimebaki Kinshasa. Tutazisoma hapa, kwa sauti, mustari kwa mustari, hata kama itachukua siku ya posho yote.

Bwana Mwenye kiti, yangu yamekwisha. Naona muzee mumoja pale mbele alikuwa gendarme, na mukono wake uko juu tangu niliposema Mutshatsha. Namuachia nafasi, anisahihishe.